Kiraka cha Turubai

"Rubani alikuwa kipofu?" alifoka Narabahadur, msimamizi wa kiwanja cha ndege. "Upepo wote ule unamsukuma mgongoni, naye anatua tu!"

Mkaguzi wa ajali, aliyetoka mji mkuu, Kathmandu, aliendelea na kazi yake. Alikuwa amepiga magoti kwenye shamba la shayiri akipima michirizi ya magurudumu. Siku tisa zilizopita ndege ndogo ilipitiliza uwanja hapa, ikabomoa ukuta wa mawe na kuzika pua shambani. Abiria watano walitoka na michubuko. Rubani, Lokendra Shahi, alivunjika mguu, na sasa kila kinywa bondeni kilikuwa kinamchafulia jina.

Maisari Pariyar, fundi cherehani, alisimama kando. Angeweza kwenda zake. Nani angemuuliza mshona suruali habari za ndege? Lakini alikuwa na jambo kooni, na lilikataa kushuka. Mficha uchi hazai.

"Bwana mkubwa, ule mfuko wa kuwaonyesha marubani upepo, juu ya mlingoti, mmeutazama?"

"Mama wee, nenda kashone!" alisema Narabahadur.

"Mwache," alisema mkaguzi. "Sema, mama."

"Ulichanika wakati wa mvua. Msimamizi akaandika barua kuomba mpya, jibu halikuja. Akaniambia, 'Tia kiraka, tena kigumu.' Nikatia turubai, mikunjo miwili. Nikajisifu, kweli kazi nzuri! Lakini siku ile ya ajali upepo unanipokonya mtandio, nainua macho, mfuko umelala tu kama hakuna upepo. Kiraka kimeuvuta chini."

Narabahadur alitazama viatu vyake.

Waliushusha mfuko. Mkaguzi aliubeba mkononi, akaupima uzito, akaandika kwa muda mrefu. "Ndege haiangushwi na kitu kimoja," alisema. "Ukungu ulimchelewesha rubani mpaka upepo ukaamka. Uwanja mfupi. Barua haikujibiwa. Halafu kiraka. Jina lako nani?"

Maisari alilitaja. "Nitafungwa?"

"Utashona mwingine. Kitambaa chepesi safari hii."

Maisari alipitia nyumbani, akafunga viazi vya moto kwenye kitambaa ampelekee rubani, maana mgonjwa haendewi mikono mitupu. Njiani akajuta. Yeye ni wa ukoo wa washonaji, tabaka la chini, na watu wa ukoo wa rubani hawali kilichopikwa na watu wake.

Kwenye zahanati, Lokendra alikuwa amegeukia ukuta. Mhudumu alisema hajala tangu jana.

"Kaka rubani," aliita Maisari. "Ulipokuwa unatua, uliona nini?"

"Nimeshasema mpaka nimechoka. Mfuko umelala. Hakuna anayeniamini. Hata mimi sijiamini tena."

"Mfuko ulikuwa umelala. Na mimi niliuona. Kiraka ni changu, kilikuwa kizito. Mkaguzi ameandika."

Lokendra aligeuka polepole. Maisari akangoja matusi.

"Basi niliona," alisema rubani. "Niliona sawasawa." Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Kisha akatazama kifurushi. "Hivyo ni viazi?"

"Ni viazi, lakini nimevipika mimi, kwa mikono hii—"

"Dada, nimekuuliza kama ni viazi."

Akanyoosha mkono. Maisari aliketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumenya, na maganda ya moto yakamchoma vidole.