Sufuria ya Redio

Sufuria ilirudi karakana ikiwa nzima kwa macho, ila haikutoa umeme tena. Gulsum, aliyelehemu viungo vyake kwa mkono wake, aliigeuza akafungua kitako. Ndani vilipangwa vijiti vya metali mbili tofauti, vimeunganishwa ncha kwa ncha. Moto ukichoma chini na maji yakichemka juu, umeme wa kuendesha redio ulipatikana. Kwa sufuria kama hizo wapiganaji waliojificha msituni, nyuma ya safu za Wajerumani, walizungumza na jeshi lao. Aliyepiga redio ya sufuria hii alikuwa Mansur, mwanawe.

"Yu hai?" alimuuliza Timofei, mjumbe aliyeileta.

"Nimemwacha hai, mama. Anapiga chafya kama mbuzi, lakini hai."

Gulsum alikikwangua kiungo kimoja taratibu. Risasi ya kulehemia ilikuwa imeshika vizuri. Ufa ulikuwa nyuma yake, ndani ya kijiti chenyewe, mwembamba kama unywele. Kijiti kilichofuata, vivyo hivyo.

"Moto mnauzimaje?"

"Tukisikia ndege? Tunaumwagia theluji. Ulitaka tuubembeleze?"

Pavel Andreyevich, mkuu wa karakana, aliacha kupigilia misumari kwenye kreti. Hapo Kazan, mbali na mapigano, kila sufuria ilijaribiwa kwa kupikia viazi vya mchana. Viazi vikiliwa, hakuna aliyekubali joto lipotee bure. Waliizunguka wakipasha mikono moto mpaka ipoe yenyewe, polepole. Haikuwahi kupasuka hata moja.

Gulsum alichukua sufuria mpya kwenye kreti, akaiinjika motoni, akangoja sindano ya kipimo cha umeme ipande, kisha akaumwagia moto ndoo ya theluji. Moto ulipowashwa upya, sindano haikuinuka. Akachukua nyingine. Ikawa hivyo hivyo.

"Zinaondoka leo," Pavel Andreyevich alisema. "Hata zikifanya kazi siku chache, ni afadhali kuliko kukosa."

"Si afadhali," Timofei alisema. "Betri nyingi tuliziacha kwa kuiamini hii. Tulipozingirwa Mansur akaita, akaita. Tuliowazika walikufa wakingoja jibu."

Gulsum alifuta mikono. "Kiungo kigumu hukipasua kijiti kinapopoa ghafla. Nikitia ukanda mwembamba wa shaba katikati, nikaupinda, vijiti vitapata nafasi ya kusinyaa. Ila itabidi nifungue viungo vya sufuria zote."

"Mpaka lini?" Pavel Andreyevich aliuliza.

"Mpaka theluji iyeyuke."

"Na mwanao, Gulsum?"

Alichukua mtaimbo mdogo akamkabidhi. "Fungua kreti, Pavel Andreyevich."

Timofei alifunga mkanda wa koti. "Nimwambie nini?"

"Atumie betri zilizobaki."

"Zimechoka, mama. Zinatosha kusikiliza tu. Kuita haziwezi."

"Basi asikilize."

Timofei alifungua mlango, akatoka mikono mitupu. Gulsum alikuwa ameshaanza kuyeyusha kiungo cha kwanza.