Soksi Iliyoongezwa Upana

Bibi yangu ni fundi cherehani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia. Damu iliwahi kuganda kwenye mshipa wa ndani. Donge lenyewe lilitibiwa, na dawa ya kuzuia damu isigande tena aliimeza kila siku bila kukosa, lakini uvimbe na maumivu viligoma kuondoka. Ndipo kliniki wakamwandikia soksi ya kubana, ndefu hadi chini ya goti, ya kuvaa asubuhi kabla hajashuka kitandani.

Shangazi, binti yake mkubwa, tunamwita Jenerali. Yeye hajui, au anajua na anapenda. Jenerali alitoa amri: uvimbe usipopungua hadi siku ya kliniki, cherehani inafungiwa stoo. Bibi alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona.

Mwanzoni kumvalisha soksi ile ilikuwa mieleka. Jenerali alivuta, mimi nilishika kisigino, Bibi alitutukana kwa zamu. Kisha asubuhi moja akatoka chumbani ameshaivaa mwenyewe, anatabasamu, na asubuhi zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Jenerali akajipongeza kwa nidhamu aliyoileta nyumbani. Mimi nikampongeza Bibi. Bibi alipokea pongezi zote, akaongeza na zake.

Mguu haukusikia pongezi. Kila jioni ulijaa, ukawa mzito kama gogo, na Bibi akaanza kushona huku ameuegemeza kwenye kigoda, akisingizia joto. Jenerali akakata shauri kwamba duka la dawa limetuuzia soksi bandia. Bibi alipoingia kuoga, Jenerali akaichukua, akaitia kwenye mkoba na kuniambia nimfuate.

Dukani kulikuwa na foleni. Jenerali alianza kusema akiwa bado mlangoni: afya ya wazee si mchezo, kuna watu watajieleza mbele ya wakubwa. Mimi nilisimama pembeni yake, kifua mbele, nikitikisa kichwa. Nikaongeza kwamba tutafika mbali, ingawa hakuna aliyeniuliza. Muuza dawa alingoja hadi Jenerali akaishiwa pumzi, kisha akaigeuza soksi ndani nje juu ya kaunta. Kuanzia kwenye kifundo hadi katikati ya shavu la mguu ilikuwa imepasuliwa, ikatiwa kipande cha kitambaa cha kuvutika, rangi ile ile, mshono mwembamba kama unywele.

"Mama," alisema kwa upole, "nyumbani kwenu kuna fundi?"

Foleni nzima ilicheka. Mshono ule ningeutambua gizani, maana nusu ya mashati yangu yanao. Jenerali alifunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada, tukatoka.

Tulimkuta Bibi kwenye cherehani, mguu wazi. Aliiona soksi mkononi mwa binti yake, akaelewa. Hakukana. Aliuliza tu mshono umeonekanaje.

"Wameigeuza ndani nje," nikamwambia.

"Basi. Kwa nje wasingeuona."

"Mama, unataka kuupoteza huo mguu?" Sauti ya Jenerali ilikuwa ndogo, na hilo lilitutisha sote.

"Nguo ikimbana mteja, naiachia. Nimefanya hivyo tangu usichana wangu na hakuna aliyerudi kulalamika."

"Huyu amerudi," nikasema, nikauonyesha mguu.

Bibi aliutazama kitambo, kama mteja asiyefukuzika. Kisha akaomba viatu vyake.

Kliniki, muuguzi hakugomba. Alichukua futi ya kitambaa, akapima kifundo, akapima shavu la mguu. Alieleza kwamba soksi ile hubana zaidi chini na kulegea kidogo kidogo ikipanda, ili damu isukumwe kurudi juu. Ukiilegeza kifundoni umeiua. Bibi aliuliza maswali mengi, yote kuhusu ushonaji, hata moja kuhusu ugonjwa. Mwishoni alikiri kwamba aliyeibuni anajua kazi, na kwamba anaona haya kwamba aliikata. Ndipo akauliza kuhusu cherehani, na macho hakuyainua.

Muuguzi alimjibu kwamba kushona ashone, ila asigande kitini. Akimaliza vazi, ainuke atembee. Akipumzika, mguu uinuliwe. Na siku pumzi ikikatika ghafla au kifua kikiuma, akimbizwe hospitali, asingoje kesho.

Jenerali alitazama dari. Kisha akatoa sharti jipya: cherehani itabaki, lakini soksi mpya atamvalisha yeye mwenyewe kila asubuhi. Bibi alikubali haraka mno.

Sasa Jenerali hupiga magoti mbele ya kitanda kabla ya kwenda kazini, jasho likimtoka, huku Bibi, miwani puani, akimkagua kama mwanagenzi. Mguu umepungua. Mfupa wa kifundo umeonekana tena, na wateja wote wameonyeshwa.

Leo Jenerali alifika chini ya goti, akashusha pumzi, akaanza kunyanyuka. Bibi alipitisha kidole taratibu nyuma ya kifundo.

"Kuna mkunjo hapa, mwanangu. Vua, anza upya."