Bunduki Iliyolazwa Juu ya Nira

Jumanne asubuhi, saa tatu kasoro, Isdori alikuwa anaranda mpini wa jembe mbele ya karakana yake pale Mazwi wakati pikapu ya Mzee Baltazari iliposimama na kuziba mlango. Mzee akashuka na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi. Ilikuwa bunduki yake ya kuwindia, ile ya kisasa ambayo ukishafyatua risasi moja, nyingine inajiweka tayari yenyewe. Magazini yenye risasi alikuwa ameiacha nyumbani, na kibali alikuwa nacho kwenye mfuko wa shati. Alikionyesha kabla hajaulizwa.

"Fundi, hii imekuwa nzito," alisema. "Mwaka juzi nilikuwa naibeba kutwa nzima. Siku hizi hata nusu saa siwezi. Halafu inalala mbele. Ukilenga, mdomo unashuka."

"Labda ni bega, mzee."

"Bega langu halina tatizo."

Isdori hakuwa fundi wa bunduki. Alikuwa fundi wa mipini, miguu ya vitanda na nira za maksai, kama baba yake. Lakini mji mzima ulijua kwamba mpini wa Isdori hauchoshi mkono, na kwamba kwa miaka ishirini na sita hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. Kitako cha bunduki hii kilikuwa cha mti, na mti ulikuwa haujamshinda bado. Akailaza juu ya kidole kimoja kutafuta katikati yake. Kweli, ilipiga mbizi kwa mbele.

Sheria haikumruhusu Mzee Baltazari kumwachia mtu silaha akaondoka, kwa hiyo alivuta kigoda akakaa. Alikaa siku tatu. Chakula cha mchana aliletewa na mkewe kwenye hotipoti, na aliwakaribisha wote.

Juu ya meza ya kazi palikuwa na nira ya Mboje. Mboje ni Msukuma anayefuga na kulima kule bondeni, upande wa Kaoze, katika kijiji ambacho hakina haja ya kutajwa. Nira ilikuwa ya maksai wawili, Shaba na Kapteni, na Isdori ndiye aliyeichonga; ng'ombe wengine wa Mboje walikuwa majike na ndama wasiojua kulima. Mwaka jana, mwezi wa kumi, Kapteni hakurudi zizini. Mboje alifuata nyayo zake mpaka ukingo wa msitu, akakuta damu na alama za matairi. Ofisi ya kijiji ilimwambia alete ushahidi. Aliporudi kuuchukua, mvua ilikuwa imeshanyesha. Msimu huo familia ililima kwa jembe la mkono na kuvuna magunia manne, na sasa Mboje alikuwa ameipandisha nira mjini ili ikatwe katikati, iwe ya ng'ombe mmoja. Bila kulima eneo la kutosha safari hii, watoto wake wangekula kwa jirani, na majirani nao walikuwa hawana.

Isdori alikuwa hajaikata. Kila aliposhika msumeno, mkono ulikataa, maana ilikuwa nira nzuri, mninga mtupu, na haikuwa imefanya kosa lolote. Ilikuwa na mabonde mawili ya shingo, na bunduki ililala humo bila kutikisika. Basi akaifanya kitanda cha kazi, akaanza kuranda.

Mzani aliazima kwa Scola, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza maharage na samaki, migebuka mikavu ya kutoka Kipili. Kabla ya kazi, bunduki ilikuwa kilo nne na robo. Isdori akapunguza unene wa kitako, akachimba tumbo lake kwa patasi, akapiga msasa. Maranda aliyoyakusanya kwenye ndoo yalikuwa nusu kilo kamili. Akaipima bunduki tena. Ilikuwa kilo nne na nusu.

"Mzani wangu umekaguliwa mwezi wa tano," alisema Scola, akionyesha stika. "Usije ukausema vibaya."

"Sijausema."

"Basi rudi kaseme na bunduki yako."

Akarudi, akaendelea kuchonga. Mzee Baltazari, kwa kuwa hakuwa na kazi, alisimulia. Alikuwa msimuliaji mzuri, mwenye mikono mirefu ya kuonyesha ukubwa wa vitu, na watu waliokuja kuchukua mipini yao walichelewa kuondoka. Alisimulia habari ya mbogo aliyempiga mwaka jana bondeni kwa bunduki hii hii. Jumanne mchana mbogo alitokea vichakani ghafla. Jumanne jioni alikuwa mbogo jeuri, aliyekuwa amesumbua vijiji viwili. Jumatano asubuhi pembe zake hazikuingia kwenye pikapu, ikabidi mlango wa nyuma uachwe wazi. Kufika Jumatano jioni kitako kilikuwa kimebaki chembamba kama mwiko wa ugali, na bunduki ilikuwa kilo sita.

Scola ndiye aliyeligundua, kwa sababu ukuta baina yao ulikuwa wa mabanzi na kila neno lilipita.

"Fundi," alisema, "kila mbogo akitajwa, sindano inasogea robo. Mimi nimehesabu."

Wakajaribu. Isdori akaitundika bunduki kwenye mzani, Scola akamwomba mzee awaeleze habari za harusi yake. Mzee akaeleza kwa kirefu, padri alivyochelewa na pombe ilivyomwagika, na sindano haikutikisika. Scola akasema haya, na yule mbogo je? Mzee akakohoa, akaanza tangu mwanzo, na sindano ikasogea robo. Scola akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akaenda kumhudumia mteja. Isdori hakushangaa. Alichosikitikia ni mti mzuri alioukata bure.

Usiku ule alilala na jambo lile. Mwaka jana, mwezi wa kumi, bondeni, alama za matairi. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Lakini Mzee Baltazari alikuwa mtu mzima, mteja, na chakula chake walikuwa wamekila siku mbili. Isdori alijiambia kwamba yeye ni fundi, si mahakama. Kisha akajiambia kwamba fundi akijua kasoro iko wapi na akaendelea kuchonga pengine, huyo ni mwizi. Hili la pili lilimshinda.

Alhamisi saa nne Mboje alikuja kuulizia nira, akifuatana na binti yake Kija aliyeolewa hapo hapo Mazwi. Mboje alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za bondeni?"

"Nzuri. Tunasubiri mvua."

Akaona bunduki imelala kwenye nira yake. Akakaa juu ya gogo.

Isdori alifuta patasi kwa shati mara mbili, ingawa ilikuwa safi.

"Mzee," alisema, "nimechonga mpaka mwisho. Nikiendelea, kitako kitavunjika. Uzito haumo kwenye mti. Umo kwa yule mbogo."

"Mbogo gani?"

"Wa mwaka jana. Kila ukimtaja inaongezeka. Ukitaka iwe nyepesi, useme alikuwa nani."

Mzee Baltazari alimtazama Isdori, akaitazama bunduki. Aliipenda bunduki ile, na msimu wa kuwinda ulikuwa unakwenda.

"Itapungua kiasi gani?" aliuliza.

"Siwezi kukudanganya. Tujaribu."

Mzee akajiweka vizuri kwenye kigoda. "Hakuwa mbogo," alisema. "Alikuwa ng'ombe. Mwekundu, mwenye doa jeupe usoni."

Bunduki ikanyanyuka kidogo juu ya nira, kiasi cha kupitisha kidole, ikatua tena.

"Na kengele," alisema Mboje kutoka kwenye gogo.

"Na kengele," mzee alikubali. "Niliisikia. Nilijua ni wa mtu. Ila nilikuwa nimeshawaalika watu nyumbani kuja kula nyama, na tangu asubuhi sijaona hata swala. Ningewaambia nini?"

Bunduki ikanyanyuka mara ya pili, ikabaki hapo ikiyumba, na Kija akaishika isije ikaanguka. Wakati huo huo upande wa kushoto wa nira ulishuka kwa kishindo. Mguu wa meza ukapasuka. Karakana ikajaa harufu ya majani yaliyocheuliwa, na kengele ikalia mara moja, pole pole, chini ya meza ambapo hapakuwa na kengele.

Mboje aliinuka, akapitisha kiganja juu ya bonde la kushoto la nira.

"Ni yeye," alisema. "Alikuwa anavutia kushoto."

Scola alileta mzani bila kuombwa. Bunduki ilikuwa kilo tatu kasoro robo. Isdori akailaza juu ya kidole, na safari hii ikatulia katikati kabisa, haikwenda mbele wala nyuma. Hakuwahi kusawazisha kitu namna ile maishani. Aliiangalia kwa furaha, kisha akakumbuka ni ya nani, na furaha ikamuuma.

"Mzee," alisema Mboje, "sasa twende wote ofisini, ukaseme hivyo hivyo. Wanataka ushahidi, wewe ndiwe ushahidi."

"Lakini nimeshasema, mwanangu. Ulikuwapo, na mwanao alikuwapo."

"Ofisini."

"Ofisini kuna karatasi," alisema Mzee Baltazari, kwa upole, kama anayemweleza mjukuu. "Imeandikwa mbogo, na ina muhuri. Nikienda kusema ng'ombe, nitakuwa naivunjia heshima ofisi. Hilo siwezi." Akamshika Mboje mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ila nakushukuru sana. Bila wewe hii kitu isingesawazika."

Alimshukuru kwa dhati, na ndiyo maana Isdori alishindwa kumchukia vizuri. Mzee akaviringisha bunduki kwenye blanketi, akaibeba kwa vidole viwili, akaondoka akipiga mluzi. Alikuwa mwepesi wa kujifunza pia. Tangu siku hiyo akisimulia husema "yule mnyama", na bunduki haina la kuongeza.

Nira haikukatwa. Kija na baba yake waliibeba hadi barabarani wakipokezana upande wa kushoto. Mwendesha bodaboda wa kwanza aliinyanyua kidogo akaiweka chini, akasema yeye habebi ng'ombe. Konda wa basi la bondeni alisema vivyo hivyo. Mwishowe ikaenda kwa lori lililokuwa linafuata mpunga. Dereva alimpa Mboje nafasi ya mbele, akateremka mlima wa bonde kwa gia ya kwanza, akimwomba kila kona amwambie ng'ombe wake asiegemee.

Mwezi wa kumi na mbili Isdori aliteremka bondeni kupeleka mpini wa plau. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri. Alimkuta Mboje shambani, amepinda nyuma ya plau, mtoto mmoja akiongoza mbele. Kulia alikuwepo Shaba. Kushoto hapakuwa na kitu, na nira ilikuwa imelala sawa sawa, haikwenda juu wala chini. Matuta yalikuwa yamenyooka. Kwenye udongo mbichi nyayo zilikwenda mistari miwili, za kushoto zikiwa na kwato pana kidogo.

"Tumeshamaliza eka tatu," alisema Mboje, akicheka. "Huyu wa kushoto hali, hanywi, wala hataki sindano. Nilitakiwa niwe nao hivi wote."

Wakakaa ukingoni mwa shamba, mke wa Mboje akaleta viazi vitamu na maziwa ya mgando. Mboje akaeleza kwamba bwana mifugo alipita juma lililopita kuhesabu ng'ombe. Aliangalia plau ikienda, akahesabu nyayo, akaandika maksai wawili. Halafu akafungua faili akaona malalamiko ya mwaka jana.

"Akaniuliza, mzee, mbona ulisema umepotelewa na huyu anavuta? Nikamwambia huyu alikufa. Akasema, anavuta au havuti? Nikasema anavuta. Basi akafuta."

"Ukatia saini?"

"Nikatia dole gumba. Ningekataa, angefuta na eka zangu tatu."

Isdori alikwenda mpaka kwenye nira, akaweka mkono juu ya bonde la kushoto. Palikuwa na joto na jasho, na kitu kilimpumulia kwenye kiwiko.

Hapo ndipo mlio uliposikika kutoka upande wa msitu. Zilikuwa risasi mbili, ya pili imeifuata ya kwanza haraka sana, kama inavyokuwa kwa mtu ambaye silaha haimyumbii mkononi. Isdori aliitambua kazi yake. Alijivuna kwanza, hakuweza kujizuia, na aibu ikaja baadaye kidogo.

Mboje akaweka chini kikombe, akasimama, akakinga macho kwa kiganja. Ng'ombe wake walikuwa wametawanyika kwenye majani ng'ambo ya kijito. Akawahesabu kwa kidole, midomo ikitembea, mmoja mmoja mpaka ndama wa mwisho. Kisha akaja kwenye plau, akamgusa Shaba mgongoni, akapeleka mkono kushoto, akagusa hapo pia.

"Wote wapo," alisema, akashika mpini mpya.