Jina Lililoitikiwa

Bi Mwatum wa Kikwajuni hakuwa mtu wa kuambiwa siri. Si kwa kuwa alikuwa na domo pana, hasha. Alikuwa hawezi kusema uongo tu, hata ule mdogo tunaousema sote ili tupite salama. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, na siku moja mnunuzi alikwisha kuivaa kofia, akajitazama kiooni, akajipenda, ndipo Bi Mwatum akasema, "Ngoja baba, hapo nyuma nimeruka kitobo kimoja." Kitobo chenyewe hata sisimizi asingekiona. Mnunuzi akaivua kofia akaenda zake. Mumewe, Machano, alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa anawaambia watu, "Msema kweli mpenzi wa Mungu, lakini wateja hawampendi."

Machano alikuwa hamali wa kampuni moja ya karafuu pale Malindi. Mwenye kampuni alikwisha kufa zamani, lakini aliacha amri ambayo wanawe hawakuthubutu kuivunja: kila hamali aliyeandikwa kitabuni apewe kipande cha bati chenye nambari, na kwa kipande kile atibiwe bure, yeye na mke mmoja, kwa Daktari Rajnikant wa Hurumzi. Mwenye wake wawili achague mwenyewe, na wapo waliolala barazani kwa ajili ya uchaguzi huo.

Amri ile ilikuwa na mkia wake. Kila asubuhi karani aliita majina uwanjani mbele ya ghala, na kila mtu aliitika lake. Asiyeitika siku saba mfululizo, awe mgonjwa, awe amefiwa, alifutwa kitabuni, na kipande chake hakikuwa na kazi tena.

Mwaka ule wa hamsini na sita macho ya Bi Mwatum yalikuwa yamejaa ukungu. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa ulimi, na kofia moja ilimchukua miezi mitatu. Daktari Rajnikant alimtazama akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba atampasua jicho la kulia Maulidi yakishapita, la kushoto baadaye. Bi Mwatum akawa anahesabu siku kama mtoto anayengoja Idi.

Ilibaki wiki mbili. Siku ya Ijumaa Machano alipanda juu ya paa kuziba makuti yaliyovuja, upau ukakatika, akaja chini na vumbi lake. Muundi wa mguu wa kulia ulivunjika, na majirani walisema mlio wake ulisikika hadi kisimani.

"Kipande si hicho hapo msumarini?" Bi Mwatum alisema huku akimpapasa. "Tuite gari la ng'ombe, likupeleke Hurumzi sasa hivi."

"Niitieni Mzee Kificho," alisema Machano.

Mzee Kificho alikuwa mganga wa mifupa, mtu mwema, mwenye vibanzi vyake na kamba zake, lakini mifupa aliyoiunga yeye ilikuwa na tabia ya kwenda upande. Bi Mwatum aligomba. Aligomba mchana kutwa. Daktari yupo, bure yake, kipande bado kizima, kisha mtu anataka kufungwa vibanzi! Machano aliuma meno, akamwacha Mzee Kificho amvute mguu, na neno lake halikubadilika.

Zikapita siku saba. Siku ya nane Bi Mwatum alikipapasa kile kipande ukutani, akakitoa msumarini, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Wakipeleka wapi?" Machano aliuliza.

"Kwa karani. Jina lako lishafutwa. Kitu si chetu tena."

"Kirudishe msumarini!"

Katika miaka ishirini na mbili ya ndoa yao hakuwahi kumpazia sauti. Bi Mwatum akakirudisha, akaenda uani akalia peke yake, kwa sababu jina likishafutwa, Daktari Rajnikant hatampasua tena. Alipokwenda hospitali ya serikali aliambiwa kwa upole kwamba mpasuaji wa macho huja mara moja kwa mwaka, ameshakwenda, na waliojiandikisha ni wengi. Shangazi yake wa Kiwengwa akamletea asali ya nyuki wadogo, ya kutia machoni. Ilimwasha siku mbili, na ukungu ukabaki pale pale. Akaanza kujifundisha nyumba yake gizani: hatua nne mpaka mlangoni, saba mpaka jikoni, mtungi uko kushoto. Usiogope, alijiambia. Lakini alikuwa akiogopa sana.

Basi jioni moja akaja Jaku. Jaku alikuwa mwimbishaji wa kundi la Machano, yule anayeanza wimbo wenziwe wakaitikia magunia yakiwa mabegani. Kundi lao lilikuwa la watu kumi na wawili.

"Shemegi, nna habari njema," alisema kutoka ukumbini. "Kampuni imekusamehe. Daktari anakutaka Alhamisi."

"Imenisamehe vipi? Jina si limefutwa?"

"Imesamehe tu. Wakubwa wana mambo yao." Jaku akakohoa. "Lakini daktari hapendi maneno. Akikuuliza la jicho, mjibu la jicho. Habari za nyumbani, za waume, za miguu ya watu, hazitaki kabisa."

Bi Mwatum aliona ni daktari wa ajabu, lakini kila mtu na tabia yake.

Alhamisi akapasuliwa. Alikuwa macho wakati wote, na hilo alikuja kulisimulia hadi uzeeni: dawa ikatiwa, jicho likafa ganzi, na mkono wa mtu ukaingia mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Hakusikia maumivu. Alisikia pumzi za daktari, na mzee yule wa Kihindi akinong'ona maneno ya dini yake, na yeye akisoma ya kwake, yote mawili yakipanda pamoja. Kisha akalazwa chali siku kumi na mbili, macho yote yamefungwa, kichwa kimewekewa mifuko ya mchanga huku na huku asije akageuka.

Kitambaa kilipofunguliwa aliona nuru tu. Wiki kadhaa baadaye, alipovishwa miwani, aliona buluu.

Hakuna aliyemwambia kuhusu buluu. Ukungu ulikuwa umeila rangi ile polepole, miaka na miaka, hata akasahau kuwa ipo. Sasa ilikuwa kila mahali. Mlango wa jirani ulikuwa wa buluu. Moshi wa jikoni ulikuwa na buluu ndani yake. Alisimama Hurumzi katikati ya njia, akainua uso katika upenyo mwembamba baina ya mapaa, na mbingu ilikuwa pale, yote, na haijawahi kwenda popote. "Subhanallah," alisema kwa sauti. Mwenye baiskeli akapiga kengele, hakusogea. Alihisi ukubwa wa Mungu na wa mikono Aliyoiumba.

Alipofika nyumbani aliuona uso wa Machano. Ndevu zilikuwa zimeota mvi bila yeye kuwa na habari.

"Umezeeka, bwana," alisema.

"Kumbe mwenzangu hukuzeeka?" Machano alijibu, akageuza uso ukutani ili asionekane anavyolia. Lakini sasa alikuwa akionekana.

Mtu akitendewa wema hurudi kushukuru. Ndivyo Bi Mwatum alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa sote. Alipomwambia mumewe kwamba atakwenda Malindi kumshukuru karani aliyelirudisha jina kitabuni, Machano aliruka kitandani kama hakuvunjika mguu.

"Usende! Karani ana kazi nyingi. Nishamshukuru mimi."

"Umemshukuru lini, nawe wiki ya kumi hii hujavuka kizingiti?"

Machano akavuta shuka hadi kidevuni. Bi Mwatum akadhani ni kiburi cha mwanamume asiyependa kuonekana amesaidiwa. Asubuhi ya pili, mumewe bado amelala, akapika mkate wa kumimina, wa kwanza alioutia macho mwenyewe tangu miaka miwili, akautazama ulivyotoboka vishimo juu, akauweka kwenye sinia akaufunika kawa. Akavaa buibui lake akashika njia.

Alifika ghalani majina yakiitwa. Harufu ya karafuu ilikuwa nzito, na mahamali walikuwa wamejipanga, kila mmoja na gunia tupu begani la kuzuia kuchunika. Karani, Mansoor, mtu mwembamba mwenye kofia nyeusi, alisimama na kitabu chake. Mlangoni, mikono nyuma, alisimama meneja mpya aliyeletwa kutoka Mombasa. Bi Mwatum akajibanza ukutani asubiri, maana si adabu kumkata mtu kazini. Alikuwa tayari na maneno yake: Bwana karani, mimi ni mke wa Machano aliyevunjika mguu.

"Duni Haji!"

"Naam!"

"Jaku Makame!"

"Naam!"

Aliwatazama mmoja mmoja. Sauti zao alizijua, nyuso hakuzijua, na alifurahi kuzioanisha. Watu wamekonda, aliwaza. Watu wamekonda mno. Bega la Jaku lilikuwa na kidonda kibichi. Akawahesabu, kwa raha tu ya kuhesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

"Machano Ame!"

"Naam!"

Aliuona mdomo ukifunguka. Kwa sauti akamjua: Gharib, kijana aliyeoa mwaka jana tu, ambaye Bi Mwatum alikula pilau harusini kwake. Karani akatia alama kitabuni bila kuinua kichwa, akaita jina jingine.

Bi Mwatum alishika ukuta. Jambo lote lilimjia kwa pamoja. Jina halikuwahi kufutwa. Kila asubuhi, wiki kumi, mmoja wao aliitika mara mbili, kisha watu kumi na mmoja wakabeba magunia ya watu kumi na wawili, ili meneja asione upungufu. Ndiyo maana Machano aliukataa mlango wa daktari siku ile. Daktari angeliandika, kampuni ingelijua kuwa hawezi kazi. Aliutoa mguu wake kwa Mzee Kificho ili jicho la mkewe lipate njia. Na hao wengine walitoa mabega. Nao walimficha yeye, na haki yao kumficha, maana yeye ndiye pekee ambaye angeliweza kuwaangamiza kwa kusema kweli. Hapo alipo, na sinia mkononi, alikuwa amekuja kuwaangamiza kwa adabu.

Aliwatazama tena, na mshangao ule wa Hurumzi ukamrudia, mkubwa kuliko wa mbingu.

"Yule mama anataka nini?" meneja aliuliza.

Kundi zima likageuka. Jaku alimwona, na uso wake ukawa majivu. Karani Mansoor akashusha kalamu.

"Bi, una haja gani hapa?" aliuliza.

Bi Mwatum alifungua mdomo. Yule aliyekiona kitobo kimoja cha kofia, akakisema.

"Nimemletea mume wangu chakula," alisema. "Katoka hajala."

"Mumeo nani?" Meneja huyo tena.

"Machano Ame."

"Ni yupi katika hawa?"

Akavuta ukaya usoni, akaacha miwani tu, akapita mbele ya mstari kwa hatua za taratibu, mpaka kwa yule aliyemwona akiitika. Akamkabidhi sinia.

"Chukua, bwana," alimwambia Gharib, ambaye kwa umri angekuwa mwanawe. "Na usirudi na kawa ya watu imechanika."

Gharib alipokea kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. "Ahsante," alisema, kisha, kwa kuwa meneja bado anatazama, "mke wangu." Duni alipatwa na kikohozi kikali, akainama. Meneja akatikisa kichwa, akaingia ndani. Wanawake wa kisiwa hiki, pengine aliwaza, na mikate yao.

Bi Mwatum alitoka haraka. Alikuwa amekwisha kufika pembeni mwa ghala aliposikia viatu nyuma yake. Alikuwa karani, kitabu kwapani.

"Bi Mwatum," alisema kwa sauti ya chini. "Mguu wake unaendeleaje?"

Bi Mwatum akageuka. Aliyatazama macho ya yule mtu, na hayakuwa na mzaha.

"Mwambie asifanye haraka," Mansoor alisema. "Hapa yupo kila siku." Akarudi kazini.

Nyumbani Machano alikuwa amekaa kitandani. Bi Mwatum alivua buibui. Alipiga magoti, akalifunua shuka, akautazama mguu kwa mara ya kwanza kwa jicho zima. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini umeunga upande. Mtu huyu atachechemea maisha yake yote. Aliuwekea mkono, kisha akauwekea paji la uso, miwani na yote.

"Umetoka wapi?" Machano aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kazini kwako."

Machano akatazama uani. Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Leo kaitika nani?"

"Gharib. Nikasema ndiye mume wangu, mbele za watu."

"Wewe? Wewe umesema hivyo?" Machano alimtazama kama hamjui. Alianza kucheka, akashindwa, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili mikavu.

"Basi kesho upike mwengine," alisema. "Kesho zamu ya Duni."