Fungu la Kondo

Herieth alinipigia simu Jumapili asubuhi. Baada ya shikamoo akasema, "Mama mdogo, mama hali tena."

Mama ni mkwe wake, Eufrazia. Mie na Eufrazia hatuna damu moja. Yeye ni Mmakonde, kwao Ndanda, Mkatoliki. Mie ni Mzaramo wa hapahapa. Lakini tulikulia nyumba moja Temeke, kabla ya uhuru, na mwanawe Venance ananiita mama mdogo tangu alipoanza kusema. Alipooa, mkewe naye akanirithi hivyohivyo.

"Hali vipi?" nikamuuliza.

"Hagusi. Ukimsimamia anafumba mdomo. Ukitoka, anakificha chakula. Jana nimekuta mnofu wa samaki ndani ya foronya, sisimizi wamempanda mpaka kwenye nywele, nikawatoa mmoja mmoja. Baba Anna anasema labda mama anadhani tunamwekea sumu." Baba Anna ndiye Venance. "Daktari amemtazama koo, halina kitu. Amesema wiki hii asipokula tumrudishe, awekewe mpira puani."

Nilijua maana yake. Mtu aliyepotewa na kumbukumbu ukimwekea mpira ataung'oa, na akiung'oa watamfunga mikono kitandani. Eufrazia kumbukumbu zilimtoka polepole. Alianza kusahau njia ya kanisani, yakafuata majina ya wajukuu, na mwisho akamsahau hata marehemu mumewe. Sisi watoto wa Temeke ndio tuliobaki kichwani mwake.

"Nitumie gari," nikamwambia Herieth. "Nakuja."

Wanakaa Bunju, nyumba nzuri yenye ukuta na vigae. Nilimkuta Eufrazia amekaa kitandani, ameegemezwa mito, amevaa gauni safi. Alikuwa amekwisha. Nilipomshika mkono niliona pete yake ya ndoa imezungushiwa uzi mwingi ili isidondoke kidoleni. Uzi ulikuwa mpya, umefungwa fundo dogo la kifundi. Herieth ni fundi cherehani, ana banda lake la kushona njia panda. Sikumuuliza, nilijua ni yeye.

"Tunu," Eufrazia akasema aliponiona. "Umenawa?"

"Nimenawa, dada."

Herieth akaleta chakula. Sahani ya udongo, ile ya wageni, samaki changu mzima juu ya wali, kichwa na mkia, na kitambaa pembeni. Kwao, kama kwa watu wengi, mkubwa hupakuliwa kwanza na hupakuliwa kilicho bora. Aliiweka sahani kwa magoti yote mawili.

Eufrazia aliitazama, kisha akautazama mlango. "Wenzangu wako wapi?"

"Watakuja, mama," Herieth akasema. Akanigeukia. "Ndio hivyo kila siku. Namwambia watakuja ili asihangaike."

Eufrazia akafumba mdomo kama Herieth alivyoniambia kwenye simu. Nami nikaona kosa lilipo.

Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa ya babu yangu, ya miti na udongo, imeezekwa madebe. Ukumbi ulipita katikati, vyumba huku na huku, na uani palikuwa na jiko na kisima. Familia yetu ilikaa vyumba vya nyuma. Chumba cha mbele alipanga mzee Kornelio, baba yake Eufrazia, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Chang'ombe, na jioni akachonga vinyago uani. Vijiti alivyokata ndivyo tulivyowashia moto. Mkewe hakupika hata siku moja, uani kwetu, nyama ambayo sisi tusingekula. Hakuna aliyemwomba hivyo. Mama yangu naye, Ramadhani ikifika, alimpelekea futari kabla hajatupa sisi.

Watoto wa nyumba nzima tulikula sinia moja. Lilikuwa la bati, lina ua jekundu katikati lililobanduka nusu. Kila mama alimimina alichonacho, huyu ugali, huyu muhogo, Ijumaa wali. Kitoweo kilikaa juu na hakuna mkono uliokigusa. Eufrazia ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, kwa hiyo kugawa kitoweo ilikuwa kazi yake. Na sheria ya mgawaji ilikuwa moja: yeye huchukua mwisho, kile kilichobaki, na hali mpaka wote watimie. Tuliambiana kuwa mgawaji akila kabla wenzake hawajafika, tumbo linamvimba kama ngoma. Tulikuwa tunamfunua gauni kumkagua, naye anatupiga makofi mikononi. Karibu kila siku alibakiwa na mkia.

Aliyekuwa akituchelewesha ni mdogo wangu, Kondo. Ukimtuma bombani atasimama kutazama mchwa. Eufrazia alikuwa akiweka fungu lake pembeni, analifunika kwa kifuu cha nazi ili nzi wasitue juu yake, na sote tunakaa tunamsubiri na njaa zetu.

"Dada, tule, huyo konokono hafiki leo," tunalalamika.

"Konokono wangu mimi," anasema. "Nani kakutuma umhesabie miguu?"

Kisha mwaka ule surua ikaingia mtaani. Ilikwenda nyumba kwa nyumba. Kwa jirani ilichukua mapacha. Kwetu ilimshika Kondo, macho yakaziba, kifua kikawa kinalia kama filimbi iliyoingia maji. Mama alimpa uji kwa kijiko na uji ukarudi wote. Siku za mwisho midomo yake ilipasuka na hakuna kilichopita, hata maji. Wakamkosha uani nyuma ya kanga walizozishika wanawake, na mama yake Eufrazia alishika ncha moja. Baba alimbeba mikononi mpaka makaburini, kwa sababu hakuwa mzigo. Mzee Kornelio aliwafuata nyuma, amevua kofia, na uani kwetu haikusikika nyundo yake mpaka matanga yalipoanuliwa.

Nikaacha kula. Mama hakuona, maana yeye mwenyewe alikuwa hali. Kwa akili yangu ya kitoto niliona kwamba nikila, Kondo atarudi akute sinia tupu.

Aliyeona ni Eufrazia. Siku moja aligawa kitoweo kama kawaida, huyu na huyu, kisha akaweka fungu la Kondo pembeni na kulifunika kwa kifuu. Wenzangu wakala. Walipomaliza, akainua kifuu, akageuza sikio mlangoni kama anayeitwa, na akaniambia, "Kondo kasema ule wewe. Yeye ameshiba."

"Kweli ameshiba?"

"Ameshiba. Kacheua."

Nikala. Alifanya hivyo kila siku, mpaka siku nilipotia mkono kwenye sinia bila kuambiwa. Hakulitaja tena jambo lile, wala hakumweleza mama yangu.

Haya yote nilimwambia Herieth jikoni. "Hamkumkosea adabu, mwanangu. Mmemheshimu sana. Lakini yeye ukimwekea samaki mzima, hujampa chakula, umempa kazi. Na ukimwambia wenzake watakuja, anawawekea. Ndiyo maana ya foronya."

Herieth aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaitazama ile sahani ya wageni. "Kumbe tunamuua kwa sahani nzuri," akasema.

Jioni watoto waliporudi shule tukatandika mkeka sebuleni. Sinia lilipatikana, lile la kubebea vikombe. Tukamteremsha Eufrazia, nikamwegemeza kifuani pangu. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Wajukuu zake, Anna na Gregori, wakakaa mbele yake.

"Tunakula kwa mikono?" Gregori akauliza.

"Una mikono ya nani wewe?" Eufrazia akamjibu. "Kanawe."

Vidole ambavyo havikuweza tena kufunga kifungo vilijua miiba ilipo. Alimpasua changu mgongoni, akatoa mnofu bila kuuvunja. "Huyu mwembamba, chukua. Wewe umenona, utakula ubavu." Anna akacheka, mama yake akamkonyeza anyamaze, lakini mwenyewe alikuwa anacheka. "Tunu, mkono wako mrefu, usiniibie." Kisha akatenga fungu moja pembeni na kuanza kupapasa mkeka. Nilijua anatafuta nini. Nikampa kikombe, akafunika.

Ulibaki mkia. Hakuugusa. Alitazama mlango. Watoto walimaliza, wali ukapoa, Herieth alisimama ukutani amejiziba mdomo kwa kiganja.

Nikainua kikombe. "Dada. Kondo kasema ule wewe. Yeye ameshiba."

Aligeuza shingo akanitazama kwa karibu sana. "Kweli ameshiba?"

"Ameshiba. Kacheua."

Akala. Alikula polepole, anatafuna kitu laini kama anatafuna mfupa, lakini alikula. Herieth akaenda jikoni akafungua bomba la maji, yakamwagika muda mrefu bila chombo.

Nilikaa kwao wiki ile. Eufrazia alikula kidogo mchana na kidogo jioni, na daktari akasema habari ya mpira isubiri. Lakini miguu yangu ikavimba, dawa zangu za presha zikaisha, na binti yangu Najat akaja kunichukua. "Nikipona nitarudi," nikawaambia. Nilimfundisha Herieth maneno yote, mpaka namna ya kugeuza sikio.

Watoto walikuwa na mitihani, wanaondoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Kwa hiyo Herieth akawa anafunga banda lake mchana, anawaacha wateja na vitambaa vyao, anarudi kutandika mkeka. Aliwaita hata watoto wa jirani wajaze sinia. Sijui wakwe wangapi wangefanya hivyo.

Akanipigia simu. "Amegawa vizuri, mama mdogo. Nikainua kikombe, nikasema kama ulivyonifundisha. Akanitazama. Akasema, 'We humjui Kondo.'"

Nikamwambia amwekee Eufrazia simu sikioni. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kusikika, kwamba Kondo ameshiba. Nilisikia pumzi yake tu. Kisha Eufrazia akasema, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa naye pale, "Tunu yuko wapi? Naye hajala."

Kuanzia siku ile mafungu ya pembeni yakawa mawili. La Kondo na langu. Vikombe viwili, Herieth alisema, na mama anatazama mlango mpaka anasinzia.

Nilimwomba Najat anirudishe Bunju na miguu yangu hivyohivyo. Aligomba, kisha akakubali. Tulikuwa tumepanga twende Ijumaa. Eufrazia alifariki Alhamisi alfajiri. Siku hiyohiyo Venance alikuwa ampeleke kuwekewa mpira, na begi la hospitali lilikuwa limekwisha kufungwa. Angalau hakufungwa mikono. Venance alilisema hilo mara nyingi pale msibani, na kila aliposema nilimwitikia.

Baada ya maziko watu walipakuliwa chakula uani chini ya turubai. Anna akaniletea sahani yangu ndani, kwa magoti, wali umejaa na nyama ya mnofu juu. Nilishukuru. Nikaishika mapajani na nikashindwa kula. Watoto wa lile sinia la ua jekundu wote wamekwenda. Anayemjua Kondo nimebaki mie, na Kondo hakuacha hata picha. Nilijikuta natazama mlango.

Herieth akaja akaketi mkekani kando yangu, amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba. Alichukua kipande kimoja cha nyama kwenye sahani yangu, akakitenga pembeni, akakifunika kwa kiganja. Akasubiri. Nje walikuwa wanagombania vijiko. Kisha akainua kiganja.

"Mama kasema ule wewe, mama mdogo. Yeye ameshiba."

Nilitaka kumwambia kama alivyoambiwa na Eufrazia, "We humjui." Lakini nikakumbuka uzi kwenye pete, na sisimizi aliowatoa kwenye nywele mmoja mmoja. Alimjua.

Eufrazia hakushiba. Mie nalijua hilo na Herieth analijua. Hata Kondo hakushiba, alikufa midomo imepasuka, na Eufrazia alikuwa mtoto mkubwa, aliyaona yote.

"Kweli ameshiba?" nikamuuliza.

"Ameshiba."

Tonge lilipita kwa shida. Herieth akanishikia maji mpaka lilipopita.