Mtani wa Yaya Hervé

Jiwe lililomwangukia yaya Hervé, kaka yangu mkubwa, halikuwa kubwa sana. Waliokuwa naye kule machimboni, njia ya Kakontwe, walisema lingeenea ndani ya karai la kufulia. Lakini lilitoka juu, na yeye alikuwa ameinama. Likavunja paja la kuume.

Wakati ule mposho ulikuwa umekwisha, ule unga na samaki ambao wafanyakazi wa kampuni ya migodi walipewa kila mwezi, na wanaume wengi wa avenue yetu walikuwa wanakwenda kuvunja mawe ya chokaa kwa mikono yao. Yaya Hervé alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mawe hakuyajua.

Hospitalini muuguzi Georges alimfunga kamba mguuni, akaipitisha juu ya chuma cha kitanda, akatundika ndoo ya mchanga ili mfupa uvutike. Mchanga nilichota mimi mtoni. Mfupa ukashika. Siku ya kumrudisha nyumbani Georges aliniita pembeni, kwa sababu mama alikuwa analia.

"Fidélie, sikia. Mufupa iko muzuri. Sasa ni goti. Kila siku asimame, akunje goti, hata akilia. Mukimuacha tu analala, goti itakauka vile, na hakuna mutu ataifungua tena."

Nilimweleza mama, akasema ndiyo. Lakini kumwambia mama "hata akilia" ni kama kuyaambia maji yasilowanishe. Alimletea beseni kitandani. Alimlisha bukari, ugali wetu, kwa mkono wake, mwanamume mzima mwenye ndevu. Wageni walikuja, wakakaa juu ya mkeka, wakasema pole, Mungu iko, wakaacha viazi vitamu, wakaenda. Hakuna aliyemwambia simama. Mimi nilijaribu. Aligeukia ukuta.

"Fidélie, niache."

"Umuache," mama akasema. "Ni yeye jiwe ilimuangukia, haiko weye."

Basi nikawa naangalia tu. Kila asubuhi nilipomwosha niliona paja linakonda, na goti nikilishika lilikuwa gumu kama gogo. Yaya mwenyewe alikuwa haongei tena. Ndipo nikamfikiria mama Rosalie.

Sisi kwa upande wa mama ni watu wa ukoo wa Mbuzi. Rosalie, jirani yetu, ni mtu wa Chui. Chui na Mbuzi ni watani tangu kwa mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, anaweza kula kwenye sahani yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako. Lakini mtani ndiye pia anayezika. Msibani yeye anachimba, yeye anagawa vitu vya marehemu, anacheka wakati wengine wanalia. Kwa hiyo mtu akiwa mgonjwa sana, hakuna anayetaja watani wake. Rosalie, ambaye zamani alikuwa hapiti mlangoni petu bila kumwibia yaya kipande cha nyama, hakukanyaga kwetu tangu ajali, na kila mtu aliona amefanya vizuri.

Nilimkuta sokoni Kikula, nyuma ya samaki wake wa moshi.

"Ile mbuzi yetu ingali inapumua?" akaniuliza.

"Inapumua, lakini imelala. Kuya uione."

Aliacha kupanga samaki. "Fidélie, minye nikiingia mule, mama yako atasema nakuja kupima shimo."

"Atasema."

"Na kijana akisikia vile, akakata tamaa ya kweli?"

Nilimweleza tu maneno ya Georges na namna goti linavyokauka. Akafunika samaki kwa gunia.

"Twende basi. Mbuzi ikioza, chui atakula nini?"

Tulipoingia, mama alikuwa anamlisha yaya. Tonge likabaki hewani.

"Rosalie, unatafuta nini huku? Mutoto wangu hayakufa."

"Nani alisema amekufa? Nakuja mapema, nisikose fasi karibu na mali." Akatoa kamba kwenye kitenge chake, akamnyooshea yaya kutoka kichwani hadi kisiginoni, kama wanavyopima maiti. "Mbao ni shida sasa mu Likasi. Huyu angekunja goti, tungemuingiza mu kasha ya sabuni, tumalize. Lakini iko mugumu kama reli."

Mama alishika kichwa. Mimi nilijuta, nilitaka kumvuta Rosalie nje. Yaya alikuwa anaangalia dari. Rosalie akachukua koti la yaya kwenye msumari, akalivaa. Akabeba na kiti cha chuma ambacho yaya alikichomelea mwenyewe, akatoka nacho uani, akakaa.

"Rudisha kiti," yaya akasema.

"Nani anaongea? Maiti?"

"Rosalie, chui ya meno ya kuoza. Rudisha kiti yangu."

"Kuya uikamate. Ao mama yako akubebe ku mugongo, avenue yote ikuone."

Yaya aliketi. Aliteremsha mguu polepole, na sauti iliyomtoka siwezi kuiandika. Akashika ukuta, akashika kabati. Mama alitaka kuinuka, nikamshika kitenge. Alipofika mlangoni jasho lilikuwa linamtiririka, na mguu wa kuume uligusa chini kwa vidole tu. Rosalie akamtazama, akainuka, akasogeza kiti mpaka kwenye ukuta wa jikoni.

"Nilisema kuya. Sikusema simama mu mulango kama mutu anangoja mukate."

Yaya akacheka. Kucheka kukamwangusha, mimi na mama tukamdaka, tukaenda chini wote. Siku ile hakufika kwenye kiti. Rosalie alipoaga, mama hakumjibu, na mimi hakunisemesha mpaka Jumapili.

Rosalie alikuja kila alipotoka sokoni. Siku ambazo goti lilivimba, Georges alisema apumzike; Rosalie alimtukana yaya kutoka mlangoni tu, akaenda. Mvua za kwanza zilipoanza, goti lilikuwa linakunjika nusu. Georges akalishika, akasema labda litaongeza kidogo, si zaidi. Yaya hatachuchumaa tena, wala hatapanda ngazi na chuma begani.

Halafu siku moja Rosalie alikwenda ziwani Tshangalele kununua samaki. Jua likapanda, yaya angali kitandani. Mama akasimama mlangoni, akakaza kitenge kiunoni.

"Weye... weye mbuzi..." Hakuendelea. Machozi yalitangulia.

"Mama, acha," yaya akasema akiketi. "Na weye ni mbuzi vilevile. Enda uchemushe mayi ya kukanda goti."

Mama akaenda jikoni. Yaya akabaki amekaa.

"Kweli Rosalie hakuyi lelo?"

"Atakuya kesho," nikamwambia.

"Nilimuchungia tusi tangu asubuhi. Kesho itakuwa imechacha." Akavuta fimbo yake ya kutembelea. "Nitaiacha kwa bwana yake."

Kwa Rosalie ni mwisho wa avenue, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilimfuata nyuma bila kumshika. Mama akatoka na beseni la maji ya moto, akatukuta tumekwisha kuvuka lango. Nilingoja aite turudi.

"Hervé," akasema, "pitia kushoto. Kuume kuko matope."