Mwache Kwanza Avae

Mwanga unaingia. Unaingia kwa kile kidirisha cha besmenti, huku chini ya nyumba, kilicho sawa na nyasi za nje, na vumbi linapanda kuupokea. Vumbi la zulia, vumbi la Lakeville, vumbi la nyumba mpya ambamo hajafa mtu wala hajazaliwa mtu. Linazunguka, linazunguka, halijui litue wapi. Mwisho linatua juu yako, kichochoro changu, kwa kuwa ni picha yako iliyoujaza ukuta huu.

Wewe, ndiyo, nakuita wewe, kichochoro cha Osaka. Wewe wa nyuma ya reli, wa nyumba za mbao zilizoegemeana mabega, wa baiskeli zilizochoka na nguo zilizoanikwa kwenye vijiti, wa maua yaliyopandwa ndani ya maboksi meupe ya kubebea samaki. Nilikupata nikiwa mwanafunzi huko, siku niliyopotea njia ya kurudi chumbani. Nilipohamia huku Minnesota, Amerika, nikawa nakurudia kila likizo, na kamera yangu shingoni. Nimekupiga picha ukiwa mzima. Nimekupiga picha ukiwa na pengo, mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mara ya mwisho nilikukuta umebaki kuta mbili na mashine ya njano ya kubomolea, na sasa naambiwa wewe ni maegesho ya magari. Maegesho! Utadhani kuna mji uliowahi kufa kwa kukosa maegesho.

Kemunto, mke wangu, hunicheka. "Wenzako wakipata likizo wanaenda nyumbani kujenga," husema akifunga kamba za viatu vyake vya zamu, "wewe unapanda ndege kwenda kutazama za watu zikibomolewa." Nacheka naye. Sote wawili ni manesi. Kazi yangu kutwa ni kumuuliza mtu panauma wapi, na mimi mwenyewe panaponiuma sipajui.

Halafu akaja mama.

Alikuja kutoka kwetu Kitale, Kenya, kabla ya theluji, akakaa nasi mpaka theluji ikayeyuka, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi. Alishatangaza mezani, mkono juu ya goti: hii ni safari ya kwanza na ndiyo ya mwisho, ndege nyingine haimpati tena. Nikawa nataka kitu kimoja tu, nakitaka kwa pupa ya mtu anayeona mlango ukifungwa. Nilitaka picha moja ya mama alivyo. Mama wa kweli, mama wa saa za kazi, mama aliyesahau kwamba anatazamwa.

Maana nyingine ninazo. Ukutani kwetu Kitale iko ile ya studio, yeye na marehemu baba wamesimama wima kana kwamba wameitwa na chifu, na nyuma yao pazia lililochorwa ndege na ngazi zake. Baba hakupanda ndege hata siku moja, Mungu amrehemu. Nimeionea haya picha hiyo tangu nijue kushika kamera. Uongo mtupu, nilikuwa nikisema. Mimi napiga maisha.

Lakini kila nikiinua kamera mama aliinua leso. "Ngoja nivae."

"Mwanga haungoji, mama."

"Basi nenda na huo mwanga wako, mtapigana picha wenyewe."

Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikashusha kamera. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, leso juu, kamera chini, tukicheka wote wawili. Kumbe mmoja wetu hakuwa anacheka.

Jumatano adhuhuri nilimkuta ameketi sakafuni jikoni, miguu ameinyoosha, sinia la maharagwe mapajani. Maharagwe ya dukani, ya mfuko, yaliyosafishwa na mashine. Nilishamwambia hayana mawe, akanijibu kwamba na yeye alishasikia mengi. Leso ilikuwa imeanguka mabegani. Nywele zake nyeupe zote zilikuwa wazi, na jua la dirishani lilikuwa limezikalia, na vidole vilikuwa vinakwenda, vinakwenda, vinaokota kisichokuwepo. Jamani. Ningefanyaje? Wewe ulinifundisha, kichochoro. Wewe ulinifundisha kutembea bila kishindo na kubonyeza kabla mtu hajageuka.

Nikabonyeza.

Vidole vikasimama. Hakugeuka hata. "Hiyo umenipiga mimi?"

"Ni nzuri, mama. Ukiiona utapenda."

"Nikifa, hii ndiyo wataweka juu ya jeneza? Kichwa wazi, miguu namna hii?"

"Hii ndiyo wewe, mama. Ulivyo."

"Nilivyo nani hajui?" Sasa aligeuka. Sijawahi kuona uso ule, na alinilea. "Nilivyo Kitale yote inajua. Picha ni ya kazi gani basi? Itoe."

Nikamwambia haitoki, si simu, ni filamu. Akauliza filamu inatolewaje. Na sijui ni shetani gani aliyenifanya niseme ukweli: ukifungua kamera, mwanga ukaingia, zinaungua zote.

"Basi fungua."

Wewe ulikuwa humo, unajua? Zile kuta zako mbili. Ile mashine. Kijiti cha mwisho cha kuanikia nguo, bado na kibanio kimoja cha pinki. Filamu ilikuwa haijaisha, nami nilikuwa nimeiacha ndani tangu nirudi, nikingoja kitu cha maana cha kuimalizia. Nikampigia mama magoti pale pale kwenye maharagwe. Nikamwambia, mama, humu ndani kuna mtaa ambao haupo tena duniani.

Alinitazama bila ukali sasa.

"Na mimi bado nipo," akasema. "Fungua, baba."

Nikafungua. Haina mlio, haina moshi. Mwanga niliokuwa nikiuomba miaka yote uliingia mara moja na kula kila kitu, kuta zako, kibanio chako, nywele za mama. Alisema asante, akavuta leso kichwani, akaendelea na maharagwe yake.

Mimi nikashuka huku chini nikalia. Nilimkasirikia mama yangu mzazi, na kwetu hilo halisemwi, lakini nalisema. Halafu nikajikasirikia mimi. Halafu nikakosa wa kumkasirikia. Yule wa mashine ya njano alikubomoa mara ya kwanza, na mara ya pili ni mimi, kwa kidole hiki hiki, kwa sababu mama kasema. Nilimtii au nilimkosea? Nilikulinda miaka yote hiyo au nilikuwa nakuibia kidogo kidogo? Nimechanganyikiwa, kichochoro changu. Nageuza hili jambo kila upande na halisimami.

Alhamisi nikasikia ngazi zikilia. Mama alikuwa anashuka kiupandeupande, ameshika ukuta, na hajawahi kushuka huku hata mara moja. Aliketi juu ya boksi la nguo za baridi, akapumua, akakuona.

Kukuona ni lazima. Umekuwa mkubwa kuliko shuka la kitanda, tangu nilipokuchapisha kwa ajili ya maonyesho madogo ya maktaba kule Saint Paul. Maonyesho yalipoisha ukahamia besmenti, maana Kemunto alisema sebuleni kwake hakuanikwi nguo za watu asiowajua.

"Hapa ni wapi?"

"Osaka. Ndio ule mtaa."

"Mbona ni kama nyuma ya soko letu?" Akasogeza uso. "Na huyu ni nani?"

Alikuwa anamwonyesha yule bibi. Unamjua, ni wako. Yuko kule mwisho, kwenye maboksi ya maua, na aproni yake na kopo la maji, mgongo umepinda. Nimempiga picha miaka na miaka, kwa nyuma, kwa ubavu, kwa mbali. Jina lake silijui. Siku ya picha hii aligeuka ghafla na kuinua mkono, kiganja kunielekea, na mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Nikainama kidogo kama walivyonifundisha, nikaondoka haraka. Mpaka leo, nikamwambia mama, sijui kama alikuwa ananisalimu au ananifukuza.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Woi, Eliakimu! Vyuo vyote hivyo, na hukuona? Huyu anakuambia ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja avae! Huoni yuko na aproni? Huoni kichwa?" Kicheko kikamwishia. "Na ulingoja?"

Nikatazama zulia.

"Hukungoja," akajijibu. "Maskini mwenzangu."

Nitaapaje kwamba ni kweli? Mama hajakanyaga Osaka. Huenda bibi alikuwa anazuia jua lisimpige machoni, huenda alikuwa anafukuza nzi. Lakini tangu saa ile mkono ule umekataa kuwa kitu kingine. Miaka yote umeinuliwa mbele yangu, na mimi nimeutungia maelezo marefu, nimeyabandika kando yake maktabani, watu wakayasoma wakitikisa vichwa. Na pengine ulikuwa ni mkono tu wa mwanamke asiyetaka kuonekana na aproni.

Ijumaa akashuka tena. Safari hii nilisikia viatu vya kanisani. Alikuwa na kitenge chake cha bluu, kilemba kimefungwa kikafungika, mkoba mkononi, mafuta usoni. Alinukia Pasaka.

"Haya, baba. Piga."

Nilifurahi mpaka nikababaika. Nikamwambia twende juu, dirishani, kule mwanga ni mzuri. Hakunijibu. Alikujia wewe moja kwa moja, akakupa mgongo, akasimama wima, mkoba mbele, kidevu juu.

"Hapa."

"Mama, hilo si pazia la studio."

"Ni nini basi?"

Nikafungua mdomo. Ni ushahidi, nilitaka kusema. Ni kumbukumbu. Ni mtaa wa watu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililotoka. Nikatia filamu mpya.

Alikuwa hajaridhika. Alitazama nyuma, akasogea hatua kushoto, akatazama tena, akasogea kidogo zaidi, mpaka yule bibi akapotea kabisa nyuma ya kitenge.

"Mama, unamfunika yule mwanamke. Sogea kidogo."

"Najua," akasema bila kusogea. "Mwache kwanza avae."

Nikangoja. Sijui nilingoja kiasi gani. Nilingoja na jicho kwenye kamera na machozi kwenye jicho, na mama naye alingoja, hakutabasamu, hakupepesa, mgongo wake ukiwa mlango wa mtu. Vumbi lilipita kati yetu.

"Sasa," akasema.

Jumamosi tulimpeleka uwanja wa ndege. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akaniombea palepale kwenye foleni, watu wakitupita na masanduku. Picha nikaisafisha, nikaichapisha, nikaitia fremu, nikampa Francis wa kanisani kwetu aliyekuwa anaenda kuzika Kitale.

Jana mama amepiga simu. Ameitundika karibu na ile ya ndege. Wageni wanakuja, wananyweshwa chai, wanasimama mbele yako, kichochoro, vikombe mkononi, wanashangaa. Kumbe Amerika ndiyo hii? Kumbe nako kuna nyumba za mbao? Kumbe nao wanaanika nguo nje na kupanda maua kwenye maboksi?

"Ukawaambiaje, mama?"

"Niliwaambia ndiyo. Hapo ndipo mwanangu anapokaa."

Nikataka kusahihisha. Mama, mimi nakaa Lakeville, nyumba ya kijivu, nyasi mbele, gari mbili. Hapo ni Osaka, na huko Osaka kwenyewe hapo hapapo tena.

"Kwani nimekosea?" akauliza.

Nikamuaga, nikashuka huku kwako.

Mwanga unaingia. Unaingia kwa kidirisha, vumbi linapanda, linazunguka, linakutafuta ukutani. Umesimama Kitale na umesimama hapa, na kule kwenu wanaegesha magari, na mimi sijui tena wewe ni wa wapi wala mimi ni wa wapi. Bibi bado ameinua mkono. Nimevuta kiti, nimekaa mbele yake, kamera magotini, kifuniko cha lenzi kimefungwa.

Namngoja avae.